Taa ya Burwash na mgomba wa nyumbani

Saa kumi jioni mwezi wa Novemba, sehemu hii ya Uingereza, giza huwa limeshaanza kutanda. Nilikuwa nimeegesha gari karibu na kanisa la Burwash, kijiji kilichokaa juu ya kilima katika jimbo la Sussex, nikingoja saa yangu ifike. Kazi yangu ni kuhudumia wazee majumbani mwao: huyu namwogesha, yule nampa dawa, mwingine namtengenezea chai na kukaa naye kidogo ili asikie sauti ya mtu. Mvua ilikuwa ya manyunyu, ile isiyokulowesha wala kukuacha mkavu. Nikainua macho, nikaona taa inawaka juu ya mnara wa mawe wenye majina ya watu wa kijiji waliokufa vitani. Nilikuwa nimepita hapo mara nyingi, lakini sikuwahi kuiona ikiwaka.

Mama niliyekuwa nakwenda kumhudumia alikuwa na miaka tisini na ushei. Nilimkuta ameshakaa dirishani, kavaa sweta lake la Jumapili, na siku yenyewe ilikuwa Jumatano. Nikamwuliza habari ya ile taa.

"Ni siku ya mjomba," akaniambia.

Mjomba mwenyewe hakumwona. Alikufa Ufaransa miaka mingi kabla yeye hajazaliwa. Lakini kijiji kile kilijiwekea desturi: kila jina lililochongwa kwenye mnara lina tarehe yake, na ikifika tarehe aliyokufa mtu huyo, taa inawashwa kwa ajili yake. Bibi huyu alipokuwa mtoto, mama yake alikuwa akimbeba hadi dirishani kuiangalia, na baadaye, mama alipozeeka, yeye ndiye aliyemwegemeza mama yake pale pale. Wawili waliokufa siku moja wanagawana mwanga. Asiye na mwenzake, jioni nzima ni yake.

Nilimpa chakula, nikambadilisha nguo, nikamlaza. Nilipotaka kufunga pazia akanizuia kwa mkono.

Usiku ule niliendesha gari kwenda kwangu nikiwa na neno moja tu kichwani: mgomba. Nitalifikia.

*

Nilirudi Burwash siku yangu ya mapumziko, nikaingia kanisani. Ni kanisa la Mtakatifu Bartholomayo, lina mnara mnene wa mawe uliojengwa zama za Wanormani. Ndani kuna baridi na harufu ya nta, vitabu vya zamani na vumbi la mawe. Hakukuwa na mtu.

Kitu cha kwanza kilichonisimamisha hakihusiani na vita. Ni bamba la chuma cha kusubu lililofungwa ukutani, jeusi, limelika kingo. Eneo hili lilikuwa la wafua vyuma kwa karne nyingi, na matajiri wao walizikwa chini ya chuma badala ya jiwe. Bamba hilo lina msalaba na maneno machache ya Kilatini yaliyoandikwa na mtu ambaye Kilatini hakikumkaa vizuri: ombeeni roho ya Jhone Coline. Nililipapasa kwa vidole. Herufi zimevimba kama makovu. Mtu huyu, Yohana wa siku nyingi sana, alijua kitu kimoja tu kuhusu kesho: kwamba mgeni atapita, na mgeni huyo akikuta jina, atalisoma. Nami nilitoka Butere, magharibi mwa Kenya, nikalisoma.

Yohana wa pili yuko kwenye bamba la shaba. Huyu ni John Kipling, luteni wa kikosi cha Irish Guards, mwana wa kiume wa pekee wa Rudyard na Caroline Kipling wa nyumba ya Bateman's, iliyo bondeni chini ya kijiji. Alianguka katika mapigano ya Loos tarehe 27 Septemba 1915. Bamba linataja umri wake kwa namna ambayo mzazi tu ndiye angeihesabu: miaka kumi na minane na wiki sita. Chini yake kuna maneno ya Kilatini yenye maana ya yule aliyekufa kabla ya siku yake.

Baba yake alikuwa mwandishi maarufu kuliko wote wa Milki ya Uingereza. Alikuwa ameshapata tuzo ya Nobel mwaka 1907, na alikuwa mpigia debe mkubwa wa utawala wa Waingereza juu ya watu kama sisi. Sitaki kulipamba hilo. Vita vilipoanza alitaka mwanawe aende. John alikuwa na macho mabovu. Bila miwani hakuona mbali, na jeshi lilimkataa. Baba akamwendea rafiki yake, Lord Roberts, jenerali mzee aliyekuwa na uzito wake katika Irish Guards, na kijana akapata nafasi. Alifika Ufaransa Agosti 1915. Haukupita mwezi wa pili, akatoweka katika shambulio karibu na Loos. Mwili haukuonekana.

Wazazi wake walitafuta kwa miaka. Waliandika barua, walitembelea hospitali, waliwahoji askari waliorudi mmoja mmoja. Baba akakubali kuandika historia ya kikosi kile, vitabu viwili vilivyotoka mwaka 1923. Kaburi halikupatikana wakati wa uhai wake. Alikufa mwaka 1936. Mwaka 1992 ndipo tume ya makaburi ilipotangaza kuwa kaburi fulani la luteni asiyejulikana, katika makaburi ya St Mary's karibu na Loos, ni la John. Wataalamu wamebishana juu ya hilo kwa miaka mingi.

Nilikaa kwenye benchi lililo karibu na bamba. Nilikuwa nimeingia na hasira kidogo dhidi ya jina hilo Kipling, na hasira hiyo sijaitupa. Lakini pale nilipokaa nilimwona mzee aliyemsukuma mwanawe mlangoni kwa mikono yake mwenyewe, kisha akaishi zaidi ya miaka ishirini akipita mbele ya bamba hili.

*

Kwa nini vijiji vya Uingereza vina majina haya kila mahali? Ukizunguka kwa gari kama mimi utayaona: msalaba wa jiwe penye njia panda, ubao wa mbao ndani ya kanisa, dirisha la vioo vya rangi, kengele, hata saa ya mnarani. Viko vijiji zaidi ya hamsini tu, Uingereza na Wales, ambavyo vijana wao wote walirudi salama kutoka vita vya 1914 hadi 1918. Kwingine kote kuna orodha.

Sababu moja kubwa ni kwamba maiti hazikuletwa nyumbani. Mwaka 1915 wakubwa wa jeshi walipiga marufuku kurejesha miili. Mwanzoni matajiri walikuwa wakilipa ili wana wao wafukuliwe na kurudishwa, na maskini hawakuweza. Ikaamuliwa kwamba wote watalala kule kule walikoangukia, chini ya mawe yanayolingana, mwana wa lodi kando ya mwana wa mchunga kondoo. Mwaka 1917 ikaundwa tume ya kusimamia makaburi hayo, ambayo leo inaitwa Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola. Ilijiwekea ahadi: kila aliyekufa atakumbukwa kwa jina, juu ya kaburi lake au kwenye mnara, bila kutazama cheo, rangi wala dini.

Kwa hiyo kijiji kilibaki na msiba usio na kaburi. Mama hana pa kupeleka maua. Jina ukutani likawa ndilo kaburi. Ndiyo maana watu huyagusa. Nimewaona wazee wakiweka kidole kwenye herufi, hasa ya kwanza, kama unavyomgusa mtoto kipajini kuona kama ana homa.

Kipling aliingia katika tume hiyo tangu mwanzo, akawa mshauri wake wa maneno. Ndiye aliyechagua mstari uliochongwa kwenye jiwe kubwa katika makaburi mengi ya vita duniani, kwamba jina lao laishi milele. Ndiye pia aliyetoa maneno mafupi yaliyo kwenye makaburi ya wasiojulikana, kwamba huyu anajulikana kwa Mungu. Na mwaka 1920, wazazi wengine walipolalamika bungeni wakitaka kila mtu ajichagulie jiwe lake, barua yake ilisomwa mbele ya wabunge. Alisema yeye na mkewe hawatakuwa kamwe na kaburi la kwenda, na kwamba anatamani wanaoleta ubishi wangetambua bahati kubwa waliyo nayo: kuwa na jina juu ya jiwe, mahali panapojulikana.

Jina juu ya jiwe, mahali panapojulikana. Naomba msomaji ayaweke maneno hayo kando, nitayahitaji.

Mstari wa jina kuishi milele umetoka katika Yoshua bin Sira, sura ya 44, kitabu kilichomo katika Biblia ya Kikatoliki. Niliutafuta. Ni mstari wa 14. Lakini ukianza kusoma sura hiyo juu kidogo, kwenye mstari wa 9, unakutana na watu wengine: wale wasio na ukumbusho, waliopotea kana kwamba hawakupata kuwako. Aliyechagua mstari wa 14 lazima alipita kwenye mstari wa 9.

*

Miaka sita nilifanya kazi Nairobi kabla sijaja huku, na karibu kila siku nilipita Kenyatta Avenue mbele ya sanamu za wanaume watatu wa shaba. Nilikuwa nikikutana hapo na rafiki yangu tukielekea kula. Mmoja wa wale watatu ni mpagazi. Nilijua hivyo kwa sababu ya mwili wake tu, namna alivyosimama kama mtu aliyetua mzigo sasa hivi. Mnara ule uliwekwa mwaka 1928. Mwenzake uko Mombasa, na mwingine uko Dar es Salaam, yule Askari aliyeshika bunduki yake penye mzunguko wa Samora, watu wakipita chini yake na magazeti na simu zao.

Maandishi ya Nairobi yapo kwa Kiingereza, Kiswahili na Kiarabu. Yanasema mnara ni kumbukumbu ya askari Waafrika waliopigana, na ya wapagazi waliokuwa miguu na mikono ya jeshi, na ya wengine wote waliotumika na kufa katika Afrika Mashariki. Kisha inakuja ahadi: ukiipigania nchi yako, hata ukifa, wanao watalikumbuka jina lako.

Aliyeyatunga maneno hayo ni Rudyard Kipling wa Burwash.

Nililijua hilo kwa kusoma tu, zamani, likapita. Pale kwenye benchi la kanisa ndipo liliponikamata. Baba aliyejua thamani ya jina juu ya jiwe kuliko mtu yeyote Uingereza aliombwa maneno ya watu wetu, naye akawaandikia sentensi juu ya jina. Na kwenye mnara wote ule, mbele na nyuma, hakuna hata jina moja.

*

Sasa mgomba.

Nyuma ya nyumba ya Kukhu, mama mzaa baba, palikuwa na mahali ambapo sisi watoto hatukuruhusiwa kuchezea. Palikuwa pamejaa nyasi tu. Siku moja, nikiwa na miaka kama tisa, nilimfuata akienda kukata mboga nikamwuliza kwa nini. Akaniambia, "Hapo walizika mgomba."

Babu yangu mkuu alikuwa na mdogo wake. Mwaka 1917 Waingereza walifanya msako mkubwa wa wapagazi katika Kenya nzima, kwa sababu Wajerumani chini ya Lettow-Vorbeck walikuwa wamerudi nyuma hadi kusini mwa Tanganyika na jeshi lililowafuata lilikuwa halina wanyama. Mbung'o waliwaua farasi, nyumbu na ng'ombe wote. Kilichobaki kubeba risasi na unga ni shingo ya mtu. Machifu walipewa idadi ya watu wa kutoa, nao wakawatoa. Yule mdogo alikuwa kijana ambaye hajaoa. Mtu mwenye mke na watoto angeweza kuombewa. Yeye hakuwa na wa kumtetea. Walipelekwa Mombasa, wakapandishwa meli kwenda Kilwa na Lindi.

Nyumbani watu walisema "amekwenda Kariakoo." Hilo ndilo jina walilolipata watu kutokana na jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi, na hadi leo Nairobi na Dar es Salaam wana masoko yanayobeba jina hilo, moja Kariokor, moja Kariakoo, palipokuwa na kambi zao. Nani anayenunua nguo au vitunguu pale anakumbuka kwamba anakanyaga kambi ya wapagazi?

Walikufa kwa kuhara damu, kwa malaria, kwa nimonia, kwa njaa. Watu wa nyanda za juu waliozoea ugali wa wimbi na mtama walipewa unga wa mahindi ambao hawakuwa na muda wala sufuria ya kuuivisha. Hesabu za Waingereza wenyewe zinataja wapagazi wapatao 95,000 waliokufa upande wao, na wanahistoria wanakadiria kwamba karibu 45,000 kati yao walitoka Kenya. Kwa kijana mmoja wa Butere, takwimu ni hii: alikwenda, na hakurudi.

Vita vya Afrika Mashariki viliisha tarehe 25 Novemba 1918, wiki mbili baada ya bunduki za Ulaya kunyamaza. Nyumbani walingoja. Kukhu alisimuliwa na mama mkwe wake kwamba walingoja misimu miwili ya wimbi. Wakarudi wawili wa kijiji cha pili, mmoja akiwa kipofu, na hawakuwa na habari. Ndipo wazee wakaamua.

Kwetu, mtu akipotea na mwili usipatikane, huzikwa shina la mgomba badala yake. Wanachagua shina lenye urefu wa mtu. Wanalikata asubuhi, wanalifunga kwa nguo au mkeka kama maiti, wanalilaza ndani ya nyumba, wanawake wanalia, kaburi linachimbwa, linazikwa. Siku ya tatu watu wananyolewa nywele kama msiba mwingine wowote. Kukhu aliniambia jambo moja alilolisikia ambalo halijanitoka: walipolibeba, mama wa yule kijana alipiga kelele waache, kwa sababu shina lilikuwa linachuruzika maji, naye alisema analia.

Nilimwuliza Kukhu, "Aliitwa nani?"

Akanyamaza kidogo, akaendelea kukata mboga. "Hatujui, mwanangu."

Kwetu marehemu hurudi kwa jina. Mtoto mchanga akilia usiku bila kunyamaza, wazee huyataja majina ya waliotangulia moja baada ya jingine, na akitulia kwenye jina fulani, hilo ndilo lake. Lakini aliyefia mbali, bila mke, bila mtoto, na mwili ukabaki kusikojulikana, watu waliogopa kumwita. Walihofu mtoto atakayepewa jina hilo naye atapotea. Basi halikutajwa. Na jina lisilotajwa kwa watoto watatu au wanne hivi, likaisha. Kaburi tunalo. Jina hatuna.

*

Ahadi ya mnara ni kwamba wanao watakumbuka. Nimeifikiria sana sentensi hiyo, maana ni nzuri, inasikika kama methali, na ndiyo maana imepita karibu miaka mia bila kuulizwa. Lakini hebu tuulize: wana gani? Vita vinakula vijana. Yule mdogo wa babu mkuu hakuwa na mwana. John Kipling naye hakuwa na mwana. Dada yake mmoja alikufa akiwa mtoto mwaka 1899, na mwingine, Elsie, aliishi hadi 1976 bila kupata mtoto. Ukoo wa yule mtunzi wa sentensi haukuacha mtu wa kukumbuka, na bado nimeligusa jina la mwanawe mimi, mgeni, kwa sababu baba alikwenda kwa fundi na kijiji kilikubali liwekwe ukutani. Hakumwachia John kumbukumbu ya wana. Alimwachia shaba.

Kule kwetu walioamua hawakuwa wazazi. Ripoti ya tume ile ile ya makaburi, iliyotoka mwaka 2021, imeeleza mambo kwa uwazi uliowashtua Waingereza wengi. Watu wasiopungua 116,000, na huenda hadi 350,000, wengi wao kutoka Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa jina au hawakukumbukwa kabisa. Gavana wa Tanganyika, Horace Byatt, alitaka makaburi makubwa ya wapagazi, ya Dar es Salaam na kwingineko, yaachwe yarudi kuwa pori upesi iwezekanavyo. Na afisa mmoja wa tume, akizungumzia makaburi ya Waafrika, alisema labda baada ya miaka mia mbili au mia tatu, wenyeji wakishafikia ustaarabu wa juu zaidi, watafurahi kukuta mawe ya makaburi. Wakati huo huo askari weupe waliokufa karibu na Taveta na Voi walipata mawe yao, kila mmoja na jina lake.

Miaka mia mbili au mia tatu! Bibi yule wa Butere aliyelilia shina la mgomba, je, yeye alikuwa anangoja ustaarabu gani? Watu waliobeba gogo linalochuruzika maji, wakalilaza chini kwa adabu zote za maiti, kwa sababu hawakuvumilia mtoto wao akose kaburi, ndio walioambiwa kwamba hawawezi kuthamini kaburi. Nikiwa Burwash nilitamani kumshika yule mama wa Kiingereza aliyekuwa akimbeba bintiye dirishani, nimkutanishe na mama mkwe wa Kukhu. Wangeelewana bila mkalimani.

Wala isisemwe kwamba majina hayakuwapo. Wapagazi waliandikishwa. Walivaa bamba la namba, kwa sababu walilipwa mshahara na serikali haikutaka kulipa mtu mara mbili. Mishahara ya maelfu ya waliokufa haikuwafikia jamaa zao; Nairobi na London zikabishana juu ya fedha hizo hadi miaka ya 1930. Kalamu ilikuwako, daftari lilikuwako, mtu alikaa mezani akaandika. Jina la mdogo wa babu mkuu liliandikwa na karani kwa ajili ya rupia zake, na halikuandikwa tena na mtu yeyote.

Tume iliomba radhi mwaka 2021, na kazi imeanza. Mapema mwaka 2025 huko Cape Town ulizinduliwa ukumbusho wa Waafrika Kusini weusi waliokufa wakiwa vibarua wa jeshi katika vita hivyo, majina zaidi ya 1,700, kila mtu na nguzo yake ya mbao. Nimetazama picha zake kwa muda mrefu. Mtu anaweza kusimama mbele ya nguzo moja. Hilo si dogo.

*

Nilimpigia kaka yangu aliye nyumbani. Nilimweleza habari ya taa, nikadhani ataniona nimepotewa na kitu huku ugenini. Akanisikiliza hadi mwisho, kisha akasema kuna mzee jirani yetu ambaye naye kwao wana kaburi la mgomba.

Wakaenda kwa padre. Kanisa letu la nyumbani ni dogo, la matofali na mabati, na ukutani mna picha ya askofu, kalenda na orodha ya waliochangia ujenzi. Padre akatangaza ibada ilipokwisha: nyumba yoyote iliyompoteza mtu katika Kariakoo ya zamani ilete jina. Kaka anasema Jumapili iliyofuata watu walikuja na majina kwenye vipande vya karatasi, vingine vimechanwa kwenye madaftari ya shule. Bibi mmoja hakuja na karatasi. Alikuja na mjukuu wake wa darasa la tatu, akamsimamisha mbele ya padre akasema, jina ni hili hapa, huyu ndiye anayelibeba. Mpaka sasa wamefika kumi na wanne. Si wote wamethibitishwa, na wawili huenda ni mtu mmoja aliyetajwa na nyumba mbili, lakini wazee wanakaa na kupatanisha.

Tumekubaliana ubao wa mvule, wa kutundikwa upande wa kushoto, karibu na dirisha. Mimi nalipia mbao, wenzangu wanamlipa fundi. Kuhusu taa, umeme wa kanisani ni wa kukatika, na tarehe za kufa hatuna hata moja. Mama wa Burwash, nilipomwambia, aliuliza ni saa ngapi ibada yetu huanza. Nikamwambia saa nne asubuhi ya kule, saa moja au saa mbili asubuhi ya hapa, kutegemea majira. Akasema saa hizo huwa ameshaamka.

Fundi alianza kuchonga mwezi uliopita. Alipofika kwa mtu wetu akampigia kaka simu: jina liko wapi? Tulishauriana siku tatu. Binamu mmoja alitaka tumtafutie jina la ukoo tumpe. Shangazi akakataa kabisa, akasema marehemu hapewi jina na watoto wa juzi. Mwishowe tukamwita alivyokuwa akiitwa katika kila habari iliyotufikia, tangu kwa mama mkwe wa Kukhu hadi kwangu: mdogo wake fulani, na jina la babu mkuu likafuata kamili, pamoja na la baba yao, na mwaka alioondoka.

Fundi anatoza kwa herufi. Kaka anasema alizihesabu mara mbili, kisha akasema itabidi apunguze kidogo upana wa patasi, kwa sababu mstari huo ndio mrefu kuliko yote ubaoni.